Pafyumu ya asili? Sawa. Ni mti gani?

Wasee, leo tuongee harufu.

Kuna kitu watu wa Thika Road tunakijua lakini hatukisemi, ju tunaogopa kuonekana washamba: pafyumu zetu zimeanza kupiga kelele. Panda mathree ya kwenda tao kutoka hapa Membley saa kumi na mbili asubuhi. Baridi ya Ruiru unaijua, madirisha yote yamefungwa, na kila mtu amejipulizia ile kitu aliyouziwa kwa maneno ya "hii inakaa masaa 24, hadi jirani atajua umetoka". Vanila ya huyu, karameli ya yule, udi wa bandia wa msee wa siti ya nyuma. Kabla ufike Githurai kichwa kinagonga. Mama aliyepakata mtoto mwenye pumu hana pa kwenda, na hakuna lugha ya heshima ya kumwambia mtu mzima, "Buda, unanukia poa, lakini punguza."

Mimi niko upande wa pafyumu za chini chini. Na nikisema hivyo namaanisha aina moja hasa: marashi ya mti. Yale yakikaa kwa ngozi, mtu hayasikii akiwa mlangoni. Anayasikia akija kukusalimia kwa kukumbatia, halafu anauliza, "Kwani umepaka nini?" na hajui kama ni pafyumu ama ni wewe tu vile uko.

Kama hujawahi kunusa pafyumu ya mti na unataka kujua nazungumzia nini, usianzie dukani. Nenda kwa mafundi wa fanicha walio kando ya Eastern Bypass ukielekea Kamakis, uende baada ya mvua, usimame karibu na randa ikipita juu ya mbao ya sipresi. Ile harufu kavu, safi kidogo, tamu kwa mbali, ndiyo hiyo. Siku moja nilimwomba fundi mmoja konzi ya maranda. Akaniuliza, "Za kuku, bosi?" Nikamwambia hapana, za kunusa. Aliniangalia vile unaangalia mtu amepotelewa na nauli, lakini alinipatia, tena kwa karatasi safi.

Sasa, kwa nini mti hukaa na limau haikai? Jibu ni uzito. Molekuli za limau na machungwa ni nyepesi, zinaruka hewani haraka, nusu saa zimeenda. Za mti ni nzito. Sandali ina kitu kinaitwa santaloli, mafuta ya mwerezi yana sedroli, na vitu hivi vinatoka kwa ngozi pole pole, vichache vichache. Ndiyo maana pafyumu ya mti inaweza kukaa siku nzima bila kufika siti ya mbele. Kukaa na kupiga kelele ni vitu viwili tofauti. Wauzaji wetu wamevichanganya makusudi, ju kelele ni rahisi kuuza: unapuliza mara moja dukani na mteja anaisikia hapo hapo. Mti unahitaji usubiri nusu saa, na nani ana nusu saa pale Moi Avenue mkoba ukiwa begani?

Kuna watu wataniambia hii ni tabia ya wazungu, kunukia kidogo kidogo, sisi Waafrika tunapenda kitu kikisikika. Aki hapana. Nenda Lamu, nenda Mombasa, uulize kuhusu liwa. Ni mti wenye harufu nzuri, unasuguliwa juu ya jiwe kwa maji kidogo ama maji ya waridi mpaka utoke uji laini, halafu unapakwa kwa ngozi. Bibi harusi anapakwa. Hakuna kitu cha chini chini kama liwa: usipokuwa karibu na huyo mtu, huisikii. Hata udi, ambao siku hizi tunaujua kama kitu cha kugonga watu usoni, kule pwani unawekwa kwa chetezo, makaa kidogo, nguo zinafukizwa, moshi unaenda zake na kinachobaki ni harufu iliyolala kwa kitambaa. Na tukirudi bara, Wamaasai na Wasamburu husafisha vibuyu vya maziwa kwa vijinga vya moto vya mzeituni wa porini, ule Wakikuyu tunaita mutamaiyu. Wakalenjin wana mti wao wa kuandaa kibuyu cha mursik. Maziwa yanatoka na harufu ya mti, nyuma kabisa, kama mtu anaongea chumba cha pili. Kwa hivyo usiniambie harufu ya mti iliyotulia imeletwa na ndege. Ilikuwa hapa kwa vibuyu vyetu kabla ya chupa.

Cucu yangu wa Kinangop hajawahi kununua pafyumu maishani, lakini nyumba yake ya zamani ni ya mbao za mutarakwa, huo ndio mwerezi wetu, na nguzo za boma pia. Ukilala huko usiku mmoja, sweta yako inarudi Membley na harufu ya penseli mpya. Sikutani. Miaka ya ukoloni mutarakwa ulivunwa kwa ajili ya penseli, ndiyo maana kwa Kiingereza wakauita mwerezi wa penseli. Nikimwambia cucu kuna watu ng'ambo wanalipa pesa ndefu kunukia kama nguzo ya boma, anacheka mpaka anashika kiuno.

Na wanalipa kweli. Mwaka 1926 Chanel walitoa Bois des Îles, kazi ya Ernest Beaux, pafyumu iliyosimama juu ya sandali. Mwaka 2003 Diptyque wakaleta Tam Dao, mti mtupu karibu. Mwaka 2011 Le Labo wakatoa Santal 33, ikasambaa mpaka watu wa New York wakaanza kulalamika kila lifti inanuka hiyo. (Ona sasa, hata mti unaweza kugeuzwa kelele wakiuvaa watu wengi.) Hizi pafyumu zote zinataka kitu kimoja ambacho hakitengenezwi kwa wiki mbili: mti uliokomaa.

Hapa ndipo stori inakuwa serious, na hii ndiyo sababu niliamua kuandika.

Miezi kadhaa iliyopita nilikuwa natafuta mafuta ya sandali ya kupaka. Sio pafyumu ya pombe ya kupuliza, mafuta, tone moja kwa kifundo cha mkono basi. Muuzaji mmoja wa mtandaoni akanitumia ujumbe. Kichupa kidogo, mililita 10, lebo nzuri ya karatasi ya kaki, uzi wa katani shingoni. Maneno yake yalikuwa haya: asili asilimia mia moja, hakuna kemikali, msandali wa Kenya kutoka Samburu. Bei ilikuwa ya kutoa machozi lakini sio ya kukataza. Nikamuuliza swali moja: "Mti umelimwa shambani ama umetoka porini?" Akajibu, "Ni wild kabisa siz, ndio maana ni strong." Na kaemoji ka jani.

Yaani alidhani hiyo ndiyo sifa.

Msandali wetu jina lake la kisayansi ni Osyris lanceolata. Sio ule wa India, ule unaitwa Santalum album, lakini wako ukoo mmoja na mafuta yao yanafanana kiasi cha kuuzwa kwa kazi ile ile. Wa India ulivunwa kwa karne nyingi, na mwaka 1998 ukawekwa kwa orodha ya dunia ya miti iliyo hatarini kutoweka. Ikipungua huko, wanunuzi wanaangalia wapi? Wanaangalia huku. Mti wetu haukuwa na bei kubwa wakati wafugaji walikuwa wanachemsha magome na mizizi yake kama dawa. Bei ilipanda wakati mtu wa mbali alipoutaka.

Na wacha nikuambie vile unavunwa, ju hapa ndipo neno "asili" linaanza kunuka vibaya. Mafuta mengi ya msandali yako kwa mizizi na sehemu ya chini ya shina. Kwa hivyo mwizi wa msandali hakati tawi, hakati hata shina tu aache kisiki kichipue. Anang'oa mti mzima na mizizi. Kinachobaki ni shimo. Halafu mti wenyewe ni mgumu kurudisha: una wa kiume na wa kike, kwa hivyo ukimaliza wa kike porini hakuna matunda tena, mbegu zake ni ngumu kuota, na mche wake hauishi poa peke yake, mizizi yake lazima ishikane na mizizi ya mti mwingine jirani na kunyonya chakula huko. Huwezi tu kuchimba shimo, ukapanda, ukapiga picha na gavana, ukaenda. Watafiti wa KEFRI kule Muguga wamekuwa wakihangaika na maswali haya ya kuotesha kwa miaka.

Serikali ilijua. Mwaka 2007 Rais Kibaki alitangaza kwa Gazeti la Serikali kwamba msandali ni mti unaolindwa, hakuna kuvuna porini. Mwaka 2013, kwa mkutano wa CITES kule Bangkok, huo ndio mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, Kenya iliomba na ikapewa: msandali wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia ukaingia Kiambatisho cha Pili. Maana yake, ukivusha mpaka bila kibali, ni magendo. Na bado magari yanakamatwa yakiwa na magogo chini ya magunia, ju njia ya kwenda Asia inajulikana na mtu wa mwisho kwenye mnyororo huo, yule kijana wa Samburu aliye na jembe, analipwa kidogo sana kulinganisha na bei ya kichupa chenye uzi wa katani.

Huyo kijana simlaumu kama ninavyomlaumu mwenye lori. Ukame umekula ng'ombe, karo inadaiwa, mtu amekuja na pesa mkononi. Lakini mimi niliye Membley, na Wi-Fi, na muda wa kuchagua kama leo nataka kunukia sandali au mwerezi, sina hiyo sababu. Na wewe pia huna.

Najua utetezi unakuja: "Afadhali ya asili kuliko makemikali." Hii sentensi nimeichoka. Kwanza, santaloli ndani ya mti ni kemikali. Maji ni kemikali. Pili, katika marashi ya mti kuna vitu vya maabara ambavyo vimeokoa miti mingi kuliko hotuba. Miaka ya 1970 kampuni ya IFF ilileta kitu kinaitwa Iso E Super, harufu ya mti laini, kama mwerezi uliofunikwa na blanketi. Mwaka 2006 Geza Schoen akafanya uchokozi, akatoa pafyumu ya Molecule 01 ambayo ndani hakuna harufu nyingine ila hiyo moja. Na ni kati ya pafyumu zilizotulia zaidi duniani. Wengine wanaivaa na hawaisikii kabisa, wanaambiwa na watu. Hakuna shimo lililobaki Samburu ju yake.

Sisemi za maabara ni bora siku zote. Nimenusa sandali ya kweli, ile ya India ya zamani, tone moja tu ambalo mama mmoja wa duka la mafuta kule Eastleigh alinipaka kwa mkono kutoka kwa chupa yake binafsi. Aliniambia, "Hii siuzi, mwanangu, nusa tu." Wueh. Ilikuwa kama maziwa ya moto yaliyopita karibu na moto wa kuni, na saa nane baadaye, nikiwa kejani, nikipika, bado ilikuwa hapo, imenyamaza tu kwa kifundo cha mkono. Hakuna maabara imenipa hiyo kitu. Kwa hivyo naelewa tamaa. Sitaki mtu aniambie kwamba naongea hivi ju sijui uzuri wake. Naujua, na ndio sababu sitaki uishe tukiwa tunauvaa kwenda Kamakis kula nyama choma, ambapo moshi wa mbavu utaufunika kwa dakika tano.

Kitu kinachoniuma ni kwamba tuna vitu vya asili ambavyo mti haufi. Nenda tena Eastleigh, uulize ubani na manemane kutoka kaskazini: Isiolo, Wajir, Mandera, Marsabit. Hiyo ni utomvu. Mti unatoa machozi kwa gome, yanakauka, na akina mama wafugaji wanayaokota wakichunga mbuzi. Mti unabaki umesimama na mwaka ujao unatoa tena. Harufu yake ni ya mti pia, yenye ukavu, limau kidogo, moshi kidogo. Ukiichanganya na mafuta ya mwerezi yaliyotengenezwa kutoka kwa vumbi la mbao lililokuwa litupwe, una marashi ambayo ni ya hapa, ya asili kweli, yaliyotulia, na hakuna mtu ametoroka usiku na lori. Kwa nini hakuna kijana wa hapa ameiweka kwa chupa nzuri yenye uzi wa katani? Hiyo pesa iko wazi. Iko tu pale.

Zamani udongo wa huku Ruiru ulikuwa wa kahawa. Bado tuna taasisi ya utafiti wa kahawa hapa hapa, na maua ya kahawa yakifunguka baada ya mvua yananukia karibu kama asumini. Nilizaliwa wakati mashamba yanageuka maghorofa, kwa hivyo hiyo harufu mimi naijua kwa vipande tu, pale ambapo shamba limebaki ukingoni mwa barabara. Nikisema harufu inaweza kuondoka mahali, sizungumzi falsafa.

Sasa, wale mnaniuliza nivae nini. Kama pesa ni kidogo, nunua mafuta ya mwerezi, mililita 5 zinatosha miezi, changanya matone mawili matatu na mafuta ya nazi usipake kavu kavu kwa ngozi. Kama unaenda kwa wale wa kujaza chupa tao, waambie wakupatie ya mti, upulize mkono mmoja tu, ulipe baadaye, tembea, kunywa chai, nusa tena. Wakikataa kungoja, toka. Ukitaka sandali, uliza yafuatayo bila aibu: ni ya maabara? Kama ya maabara, sawa, bei iwe ya maabara. Ni ya shamba? Kuna mashamba makubwa ya msandali wa India kule Kununurra, Australia, na mafuta yake yana karatasi zake. Ni ya Kenya? Basi kibali kiko wapi?

Yule muuzaji nilimtumia swali hilo la mwisho. Akanijibu, "Siz unanunua ama huinunui?" Nikamwambia siinunui, na nikamweleza kwa nini, nikamtumia na tangazo la 2007. Alisoma. Wiki iliyofuata niliona tangazo lake tena, kichupa kile kile, kaki ile ile, uzi ule ule. Neno Samburu lilikuwa limetolewa. Limebaki "asili".